Bure isiyo bure: historia ya bei katika michezo ya simu

0. Utangulizi

Neno bure lina maana mbili katika Kiswahili. Kitu kilichopatikana bure ni kitu kisicholipiwa. Kazi iliyofanywa bure ni kazi isiyozaa kitu. Katika zoezi moja la istilahi tuliwaomba wanafunzi wetu watafute jina la Kiswahili la aina ya michezo iliyojaa leo katika simu zao, yaani ile inayopakuliwa pasipo malipo na kuchezwa pasipo malipo, huku ikiwaingizia wenyewe mamilioni ya dola. Wengi waliandika "mchezo wa bure". Mwanafunzi mmoja alipinga: ikiwa ni wa bure, nani basi anawalipa waliouunda? Swali hilo lilizidi mipaka ya somo letu, nasi tulikiri hivyo mbele ya darasa. Makala haya ni jaribio la kulijibu.

Historia ya michezo ya video husimuliwa mara nyingi kama historia ya ufundi: picha zilianza kuwa vidoti vyeupe, zikapata rangi, kisha zikafanana na sinema. Sisi tutaisimulia kama historia ya bei. Tutauliza kila mara nani analipa, analipa lini, na nani anasimama mlangoni akikusanya. Tukiifuata njia hiyo tutaelewa jambo ambalo historia ya ufundi haiwezi kulieleza vizuri: kwa nini simu, iliyoingia uwanjani ikiwa imechelewa na dhaifu, imewapita ndugu zake wakubwa. Leo karibu nusu ya mapato yote ya michezo ya video duniani hutoka katika simu. Mashine za nyumbani na kompyuta hugawana nusu inayobaki.

1. Sarafu na kasha

Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine ya kwanza ya mchezo wake Pong katika baa moja ya Sunnyvale, California. Inasimuliwa kwamba siku chache baadaye mashine ikasimama, na fundi alipoifungua alikuta haina ubovu wowote ila chombo cha sarafu kimejaa pomoni. Mwaka 1978 kampuni ya Taito huko Japani ilitoa Space Invaders, mchezo wa Tomohiro Nishikado, uliochezwa kwa sarafu ya yeni 100.

Katika uchumi wa sarafu mchezaji hulipia muda mfupi, na muda huo ukiisha hulipa tena. Kwa hiyo mchezo wenye faida ni mchezo mgumu. Anayecheza saa nzima kwa sarafu moja anamtia hasara mwenye mashine, hivyo lazima afe, na afe upesi, ila si upesi mno hata akakata tamaa. Tunaomba msomaji aikumbuke kanuni hii, maana itarudi imevaa nguo nyingine.

Kisha ulikuja wakati wa kasha. Nintendo ilipotoa mashine yake ya nyumbani Famicom mwaka 1983, mteja alilipa mara moja dukani, akapeleka mchezo nyumbani, akaucheza hata mwaka mzima akipenda. Bei ilitangulia furaha. Mchezo sasa uliweza kuwa mrefu, wenye hadithi na wahusika, kwa kuwa hakuna tena aliyenufaika na kifo cha mchezaji. Hata hivyo Nintendo ilijiweka mlangoni: makampuni mengine yaliyotaka kuuza michezo kwa mashine yake yalilazimika kupata ruhusa yake na kuilipa, na katika Marekani hayakuruhusiwa kutoa zaidi ya michezo mitano kwa mwaka. Mlinzi wa mlango tutakayemwona baadaye katika simu hakuzuka ghafula, ana babu.

Katika miji yetu, historia hii haikwenda kwa mstari ulionyooka. Kasha lilikuwa ghali, basi kijana mwenye bidii alinunua PlayStation moja na runinga, akaweka benchi, akawatoza wenzake kwa kila mechi. Uchumi wa sarafu ulirudi ndani ya kasha. Ni kosa la kawaida la waandishi wa Ulaya kudhani kwamba hatua moja ikishapita imepita kwa wote.

2. Kutoka nyoka hadi duka

Michezo ya kwanza ya simu haikuwa bidhaa. Mwaka 1994 simu ya Hagenuk ilikuwa na Tetris ndani yake, na mwaka 1997 Nokia ikatia Snake, iliyoandikwa na Taneli Armanto, katika simu ya 6110. Hakuna aliyelipia nyoka yule. Alikuwa pambo la simu, kama kioo kilichobandikwa mlangoni mwa kabati, na ni simu ndiyo iliyouzwa. Wasomaji waliokwisha kuishika simu ya namna hiyo wanajua jinsi nyoka alivyorefuka hadi akajiuma mwenyewe, na jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kudaiwa chochote kwa kuanza upya.

Ni Japani iliyogundua kwanza namna ya kuuza. Mwezi wa Februari 1999 kampuni ya simu NTT DoCoMo ilifungua huduma yake ya i-mode. Mteja alijiandikisha kwa mchezo au muziki kwa malipo madogo ya kila mwezi, na malipo hayo yakaongezwa katika hesabu yake ya simu. DoCoMo ilibaki na asilimia 9, nyingine yote ikaenda kwa mwenye mchezo. Huko Ulaya na Marekani makampuni ya simu yalifanya kinyume: yalijichukulia sehemu kubwa zaidi, na yenyewe yakaamua ni mchezo upi uonekane katika orodha fupi ya kioo kidogo. Juu ya hayo, kila aina ya simu ilikuwa na kioo chake, vibonye vyake na kumbukumbu yake, hata mchezo mmoja wa Java ukahitaji kuandikwa upya kwa mamia ya namna. Fedha iliyopaswa kuuboresha mchezo iliishia katika kuunakili.

Nokia ilijaribu njia nyingine mwaka 2003 kwa kuunda N-Gage, simu iliyotaka pia kuwa mashine ya mchezo. Ili kubadili mchezo ilimbidi mtu atoe betri. Ili kuongea ilimbidi aweke ukingo wa simu sikioni, mfano wa mtu anayesikiliza sahani. Watu walicheka, hawakununua. Hata hivyo wenye mitaji walikwisha kunusa harufu ya chakula: Electronic Arts ilikubali mwezi wa Desemba 2005 kulipa dola milioni 680 ili kuipata JAMDAT, kampuni ya michezo ya simu.

Tarehe 10 Julai 2008 Apple ilifungua duka lake la programu kwa simu ya iPhone, likiwa na programu 500 hivi. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: mwenye programu hupanga bei, Apple huchukua asilimia 30, naye huchukua 70. Google ikafungua duka lake la Android miezi michache baadaye. Leo asilimia 30 husikika kuwa unyang'anyi, lakini watengenezaji wa mwaka ule waliipokea kama msamaha. Waliotoka katika mikono ya makampuni ya simu waliona mlango mmoja, mkataba mmoja, simu ya aina moja.

Mlango ulipokuwa mpana, umati uliingia, na umati ulipoingia, bei ilianguka. Mchezo uliouzwa dola kumi ukakuta jirani yake akiuzwa dola tano, kisha senti 99. Kampuni ya Rovio ya Finlandi ilikwisha kuunda michezo 51 na ilikuwa karibu kufilisika ilipotoa Angry Birds mwezi wa Desemba 2009 kwa bei hiyo ndogo. Ilitajirika. Wengi walioiga bei yake hawakuwa na bahati yake, na ikawa dhahiri kwamba chini ya senti 99 kuna hatua moja tu ya kushuka.

3. Bei ilipohamia ndani

Hatua hiyo ilichukuliwa mwezi wa Oktoba 2009. Tangu Juni mwaka ule Apple iliruhusu kuuza vitu ndani ya programu, ila kwa zile tu zilizolipiwa mlangoni. Oktoba ikaziruhusu hata zile zisizolipiwa. Hapakuwa na sherehe, wala magazeti hayakulipa jambo hili uzito. Kwa maoni yetu, hata hivyo, hiyo ndiyo tarehe kubwa kuliko zote katika historia hii, kubwa kuliko kuzaliwa kwa iPhone yenyewe.

Wazo lenyewe lilikwisha kukua Asia. Huko Korea ya Kusini kampuni ya Nexon iliwaacha wachezaji wa kompyuta waingie bure, ikawauzia mavazi na silaha za mhusika wao. Sababu yake ni ya kiuchumi kabisa: pale ambapo kunakili mchezo ni rahisi na vijana huchezea katika kumbi za kompyuta, kasha haliuziki. Katika China, ambako mashine za nyumbani zilipigwa marufuku tangu mwaka 2000, jambo hilo lilikuwa kweli zaidi. Huwezi kuuza kinachonakilika. Lakini upanga uliohifadhiwa katika kompyuta ya kampuni haunakiliki.

Tuangalie Candy Crush Saga ya kampuni ya King, iliyoingia katika simu mwaka 2012. Mchezaji hupewa roho tano. Akishindwa hupoteza moja, na roho iliyopotea hurudi baada ya nusu saa. Zikiisha zote ana njia tatu: kungoja, kuwaomba rafiki, au kulipa. Tena, akibakiza hatua moja tu ashinde, mchezo humwonyesha kwamba hatua tano za ziada zinauzwa. Hapa ndipo kanuni ya sarafu inaporudi: mchezo umepata tena faida katika kifo cha mchezaji. Tofauti ni kwamba mashine ya baa haikumjua aliyesimama mbele yake, ilhali mchezo wa simu unajua ameshindwa mara ngapi, saa ngapi, na kwamba wiki iliyopita alilipa.

King ilipojiandaa kuuza hisa zake mwaka 2014 ililazimika kufungua vitabu vyake. Mapato ya mwaka 2013 yalikuwa dola bilioni 1.88. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo watu milioni 304 hivi walicheza michezo yake kila mwezi, na waliolipa walikuwa milioni 12 hivi, yaani wanne katika mia. Na Candy Crush Saga peke yake ilileta asilimia 78 ya malipo yaliyofanywa ndani ya michezo yote ya kampuni.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na wengi hudhani ndiyo siri ya utajiri huu: watu wengi, kila mmoja senti yake. Tarakimu zinakataa. Tisini na sita katika mia hawakutia hata chembe. Kibaba hujazwa na wachache, na kati ya wachache hao wamo wachache zaidi wanaomimina magunia. Wenye biashara wamewapa jina lao: nyangumi. Mtaalamu wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Mteja haitwi mgeni, wala mfalme kama wauzaji wapendavyo kusema. Anaitwa mnyama anayewindwa kwa ajili ya mafuta yake.

Wale tisini na sita basi wana kazi gani? Wanayo, tena kubwa. Katika Clash of Clans, iliyotolewa na Supercell ya Helsinki mwaka 2012, ngome huchukua saa nyingi au siku kadhaa kujengwa, na mwenye vito vilivyonunuliwa huimaliza mara moja. Lakini ngome ndefu haina maana pasipo jirani wa kuishangaa na adui wa kuishambulia. Asiyelipa ndiye jirani huyo. Nyangumi haogelei katika bahari tupu. Asiyelipa amegeuka kuwa sehemu ya bidhaa inayouzwa kwa anayelipa.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Huko zipo mashine za kando ya barabara zinazotoa mwanasesere ndani ya kidonge cha plastiki bila mnunuzi kujua atapata yupi. Jina lake gacha likahamia katika simu. Mchezaji hulipa, sanduku hufunguka, na humo huenda mna shujaa adimu au takataka. Namna moja iliyomlazimu mtu akusanye seti nzima kwa bahati ndipo apate tuzo ilikatazwa na serikali mwaka 2012. Mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari isiyo na kibali, na mwaka uliofuata Nintendo ikaondoa michezo yake miwili ya simu katika nchi hiyo.

Nintendo iyo hiyo ilijaribu kurudisha uaminifu wa kasha. Super Mario Run ya Desemba 2016 iliacha watu waonje mwanzo, kisha ikaomba dola kumi, mara moja, basi. Ilipakuliwa mno, lakini mapato hayakufikia matarajio ya kampuni. Miezi miwili baadaye ilitoa Fire Emblem Heroes, ya bure na yenye gacha, nayo ikaleta fedha kushinda Mario, mhusika mashuhuri kuliko wote katika michezo. Hatudhani kwamba wachezaji ni wajinga. Walikwisha kufundishwa na soko kwamba kulipa mlangoni ni kupunjwa.

4. Mlango na walinzi wake

Mchezo ukiwa wa bure kuingia, gharama kubwa si tena kuuunda bali kumpata mchezaji. Hesabu yake ni kama ya mvuvi na chambo. Ikiwa mchezaji mmoja, kwa wastani, huleta dola tatu kabla hajachoka, kampuni yaweza kutumia hadi dola mbili kwa matangazo ili kumvuta, ikabaki na faida. Matangazo hayo huonyeshwa wapi? Katika michezo mingine. Hivyo mchezo mmoja huuza macho ya wasiolipa kwa mchezo wa pili, na wa pili huwauzia wa tatu. Dong Nguyen wa Hanoi aliishi kwa matangazo hayo peke yake: Flappy Bird yake, aliyoiandika mwenyewe, ilisemekana kumwingizia dola 50,000 kwa siku alipoiondoa kwa hiari yake mwezi wa Februari 2014. Lakini huyo ni wa pekee. Anayeweza kutumia mamilioni kwa chambo ndiye anayevua, na ndiyo maana duka lililofunguliwa kwa ajili ya wadogo limekuwa la wakubwa.

Wakubwa wenyewe wamemezana. Mwaka 2016 Activision Blizzard iliinunua King kwa dola bilioni 5.9, na Tencent ya China ikaongoza ununuzi wa asilimia 84.3 za Supercell kwa dola bilioni 8.6. Mwaka 2023 Microsoft ikaimeza Activision yenyewe kwa dola bilioni 68.7, na King ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Kampuni yenye Xbox yake ilihitaji peremende za simu.

Asilimia 30 nayo ikaanza kuuma. Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya Epic ilitia ndani ya Fortnite njia yake ya kulipia, ikikwepa mlango. Siku ileile Apple na Google zikautoa mchezo katika maduka yao, na Epic ikaenda mahakamani. Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliipa Apple ushindi katika sehemu kubwa ya kesi mwezi wa Septemba 2021, ila akaiamuru iwaache wenye programu wawaonyeshe wateja njia za kulipa nje. Aprili 2025 jaji huyohuyo aliona kwamba Apple ilivunja amri hiyo kwa makusudi. Kwa upande wa Google, baraza la mahakama lilikwisha kuamua Desemba 2023 kwamba duka lake ni ukiritimba haramu. Kesi hizi husemwa kuwa za uhuru wa wachezaji. Sisi twaona matajiri wakigombania ni nani atakayesimama mlangoni kumpokea nyangumi.

5. Sisi tumo wapi katika hesabu hiyo?

Simu inayochezewa imebeba udongo wetu. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, kutoka Kolwezi, Tenke-Fungurume na kwingineko katika ukanda huu, na kazi yake kubwa ni betri. Koltani ya Kivu hutoa tantali, na mwaka 2000, bei yake ilipopanda karibu mara kumi, wapo waandishi waliolaumu PlayStation 2 iliyotolewa mwaka ule. Lawama hiyo imerahisishwa mno: simu, kompyuta na walanguzi walikuwa na sehemu yao. Lakini katika meza ya wahasibu wa michezo nchi yetu haionekani upande wowote, si kwa mgodi wala kwa mchezaji.

Kwa mgodi sababu inafahamika. Kwa mchezaji, tusidhani ni umaskini peke yake. Duka la programu hutaka kadi ya benki, na wengi wetu hatuna. Fedha zetu zimo katika simu ileile, katika M-Pesa na huduma nyingine za namna hiyo, lakini zikafika mlangoni zikiwa hazina ufunguo. Carry1st, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 2018, imejenga biashara yake juu ya pengo hilo: hutoa michezo ya makampuni ya nje katika Afrika na kuiwezesha kulipiwa kwa njia ambazo Waafrika wanazo. Mwenye kusoma makala haya hadi hapa atauliza kama kupata ufunguo ni neema. Na sisi tunauliza hivyo.

Kwa sasa mchezaji wa Lubumbashi huhesabiwa katika wale tisini na sita. Hutazama tangazo la nusu dakika ili apewe roho moja, na tangazo hilo la mji asioujua na bidhaa asiyoweza kuagiza humla mega alizonunua mwenyewe. Kwa hiyo wengi hupeana michezo kwa Xender, simu kwa simu, kisha huzima mtandao na kucheza kwa raha, bila tangazo, bila duka, bila nyangumi. Nyoka wa 1997 amerudi.

Turudi darasani. Baada ya mjadala, istilahi nne zilibaki ubaoni: mchezo wa bure, mchezo wa mlango wazi, mchezo wa kuonja, na ya nne iliyotolewa na mwanafunzi ambaye jioni huuza yunite katika kabini kando ya barabara. Alisema kwamba wateja wake hawana jina la bure wala la kulipa. Wakitaka kupakua mchezo huja kwake na kuuliza una mega ngapi, naye huwaambia. Kwao ni "mchezo wa mega 80" au "mchezo wa mega 200", na hiyo ndiyo bei yake. Fedha hiyo haiendi Helsinki wala California. Inaishia kwa kampuni ya simu, na sehemu ndogo hubaki chini ya mwavuli wake. Wenzake walicheka, kisha wakaanza kubishana kama ngeli yake iwe ya umoja au ya wingi, na kengele ikalia kabla hatujapiga kura.